Aaminah na Samaki Asiyeliwa

Aliyekosa basi la wiki jana na apandie hapa. Nafasi iko, ila ajibane.

Mimi ni Apollinaire, baba wa Gaël, mtu wa Kalemie, mchanganya rangi katika kiwanda kimoja kule Jacobs, hapa Durban. Mungu aliponinyima mali na urefu, alinionea huruma akanipa sauti. Katika kwaya ya kanisa letu mimi ndiye ninayeimba chini kabisa, ile sauti ambayo kwa Kifaransa tunaiita "basse". Nikiishusha, madirisha yanatetemeka na akina mama wanafunga macho.

Sasa siku moja, wakati wa chai, msimamizi wangu Shafiek akanijia. Shafiek ni Mzanzibari wa Chatsworth, yaani wa wale ambao babu zao waliletwa Durban zamani za meli, na wengi wao Zanzibar yenyewe hawajaiona hata kwenye kalenda. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini ana moyo mkubwa.

Akaniuliza, "Apollinaire, wewe mtu ya bass?"

Nikamjibu kwa kifua, "Boss, toka utoto! Baba yangu basse, babu yangu basse. Kule kwetu kando ya ziwa, uliza mtu yeyote."

"Kando ya ziwa!" Macho yakamtoka. "Yoh! Jumamosi unakuja na mimi."

Nani angeniambia kwamba Waingereza wana samaki anayeitwa hivyo hivyo? Kwa midomo yetu sisi sauti ni basi, samaki ni basi, na gari la abiria ni basi. Shafiek alikuwa anatafuta mwenzake wa kuvua katika mashindano ya klabu yao, kwenye bwawa la Inanda. Mimi nikadhani Waislamu wa Chatsworth nao wameanzisha kwaya. Nilishangaa kidogo, sikatai, lakini mwanaume akisifiwa huwa haulizi maswali mengi.

Nilipoiona ndoano nikaelewa. Ningesema kweli siku ile ile, leo msingekuwa na cha kusoma. Nikanyamaza nikajifunza. Na kumbe, ndugu zangu, ndoano ilininasa mimi. Nikanunua kofia. Nikanunua shati lenye mifuko kumi na kitu, ambayo mpaka leo sijui mingine inawekwa nini. Kwaya inafanya mazoezi Jumamosi, mimi Jumamosi niko majini.

Shida ikaanzia nyumbani.

"Papa Gaël, umevua?" Marie-Jeanne, mke wangu, aliniuliza Jumamosi ya kwanza.

"Nimevua watatu. Wakubwa!"

"Wako wapi?"

"Nimewarudisha."

Akaweka kisu chini. Alikuwa tayari amekata vitunguu. "Umewarudisha wapi?"

"Majini. Ndiyo sheria ya klabu. Unamkamata, unampima, unapiga naye picha, unamwachia aende zake."

"Sheria ya nani? Ya samaki?"

Mke wangu amezaliwa kando ya ziwa kama mimi. Hajawahi kusikia mtu anayeamka na giza, anachomwa na jua kutwa, anakamata samaki kisha anamwomba radhi. Jumamosi ya pili nikarudi mikono mitupu. Ya tatu vile vile. Tena sinuki hata samaki, maana tunanawa na sabuni ya ndimu. Hapo ndipo macho yake yakabadilika.

Halafu ikaja ile simu niliyowaachia nayo wiki jana. Ninajinyoa, povu limejaa mashavuni, simu inalia, nikamwambia Marie-Jeanne abonyeze spika. Sauti ya Shafiek ikajaza nyumba nzima:

"Apollinaire! Aaminah iko tayari! Nimemuosha, nimempaka mafuta. Leo yeye iko tamu sana, anakungoja wewe tu!"

Nilijikata kidevu.

"Ile Aaminah iko nani?" mke wangu akauliza taratibu.

"Iko boti, mama. Ni boti la Shafiek! Ameliita jina la marehemu mama yake."

"Boti inaoshwa?"

"Inaoshwa."

"Inapakwa mafuta?"

"Kwenye injini, Marie-Jeanne."

"Na inakungoja."

Jamani, kuna ukweli ambao ukiusema unaonekana mwongo kuliko mwenye uongo wake. Nilisimama pale na povu na damu.

Basi hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Jumamosi ya fainali niliamka, nikakuta sanduku limesimama mlangoni. Lile jekundu, tulilokuja nalo kutoka Kongo. Marie-Jeanne amekaa juu ya kiti, amevaa, mikono kifuani.

"Leo unaenda tena kuvua?"

"Leo ni fainali, mama. Ya mwisho. Baada ya leo, nakuapia."

"Sawa. Leo ulete samaki. Mzima, mfu, mwenye kichwa, bila kichwa, sitauliza kitu. Nataka tu nimuone mu sufuria yangu. Ukirudi tena na mikono, miye na Gaël tunaenda kwa kaka yangu Cédric, Johannesburg, na haturudi."

"Kwa sababu ya samaki?"

"Hapana. Kwa sababu ya uongo."

Nilitaka kumbusu, akanigeuzia sikio. Nikatoka. Njiani nikajiambia, Apollinaire, leo unabeba samaki hata kama itabidi umfiche ndani ya ile mifuko kumi na kitu. Angalau ningeijua kazi yake.

Tulipofika katikati ya bwawa nikajaribu kupima maji.

"Boss, hivi tukikamata wawili, siwezi kubeba mmoja mdogo?"

Shafiek aliniangalia kana kwamba nimemwomba tumpike jirani.

"Apollinaire! Kubeba? Kula?"

"Mke wangu ana shida kidogo."

"Sisi si jangili! Samaki akifa, sisi nje. Sikiliza. Klabu hii sheria ni moja: samaki mzito kuliko wote anashinda, lakini lazima watu wote wamuone anaogelea, anaenda nyumbani kwake. Hapo ndiyo kombe."

"Anaenda nyumbani kwake," nikarudia. Samaki ana nyumbani kwake. Mimi kwangu kuna sanduku mlangoni.

Shafiek akapapasa ubavu wa boti, pale jina lilipoandikwa kwa rangi ya kijani. "Mama alikuwa anakuja na mimi hapa, anakaa pale mbele na chupa ya chai. Kila mwaka mimi ni wa mwisho, watu wanacheka. Nataka picha moja tu, kombe na jina lake. Moja tu, bhuti, ndugu yangu."

Ningemjibu nini? Nikatupa mshipi.

Na hapo hapo ukakazika.

"Eish! Taratibu!" Shafiek akapiga kelele. "Usimvute! Mwachie! Sasa vuta! Mwachie!"

"Nimvute au nimwachie?"

"Yote mawili!"

Samaki aliruka juu ya maji na mdomo wazi, mdomo mkubwa kama wa mchungaji anayeombea sadaka. Nikasali, nikatukana, nikasali tena. Alipoingia kwenye wavu Shafiek alikaa chini akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake.

Sijawahi kumuona basi mkubwa vile. Tulimweka kwenye tangi la maji la boti, ambalo lina pampu yake ya kumletea hewa. Fikirini. Samaki ana pampu ya hewa, sisi kwenye taxi, yale mabasi madogo ya kwenda Jacobs, tunapumua kwa zamu.

Na nitawaambia kilichonipata pale, mnicheke mkitaka. Nilimtazama yule samaki na nikasahau sanduku. Nikasahau kabisa. Nikaona kombe, nikaona picha yangu imebandikwa kiwandani, nikaona nimepewa heshima na watu wenye magari makubwa ambao hata jina langu hawawezi kulitamka. Nilisikia raha, tena raha ya kijinga.

Ufukweni mizani ilikuwa chini ya hema. Mwamuzi alikuwa mama mmoja wa Kizungu, mnene, mwenye filimbi shingoni. Akamweka samaki wetu, akatazama, akavua miwani, akavaa tena. Kisha akachukua spika:

"Mabibi na mabwana! Samaki mkubwa kuliko wote leo! Apollinaire na Aaminah!"

Shafiek alisahauliwa, lakini hakujali, alikuwa anarukaruka. Watu wakapiga makofi. Nikainua mikono.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Apollinaire na nani?"

Nikageuka. Taxi ya kanisa ilikuwa imeegeshwa kwenye nyasi, mlango wazi. Wameshuka akina mama wa kwaya, wote wamevaa kitenge kimoja cha sare. Mmoja ana mfuko wa unga wa bugali, mmoja ana makaa, mmoja ana pilipili. Mbele yao Mama Clementina, kiongozi wetu wa kwaya, mwiko mkononi. Wawili wamebeba sufuria ya harusi, imejaa maji. Na mbele ya wote, Marie-Jeanne.

Wazungu wa klabu wakapiga makofi zaidi. Walidhani ni kikundi cha ngoma kimealikwa.

"Mama Gaël! Umekuja!" nikasema.

"Nimekuja kumsalimia Aaminah. Iko wapi?"

"Huyu hapa!" Shafiek akajibu kwa furaha, maskini, hajui kitu. Akampeleka mpaka kwenye trela. "Huyu ndiyo Aaminah wangu. Shikamoo yako mpe!"

Marie-Jeanne akasimama mbele ya boti. Akasoma herufi moja moja. Akalizunguka, akainama akachungulia chini, akagonga mbao kwa vidole kama mtu anayenunua tikiti maji.

"Ni huyu?"

"Ni huyu, mama," nikasema.

"Anayeoshwa?"

"Na sabuni ya gari."

Akina mama wakaangua kicheko. Mama Clementina akashika kiuno. "Mama Gaël, umetufungisha safari juu ya mtumbwi!" Na mimi nikacheka. Ah, nilicheka! Mzigo ulinitoka kifuani. Nikajua mambo yamekwisha, mke nimempata, kombe nimelipata.

Marie-Jeanne hakucheka.

"Mnacheka," alisema. "Mimi ningependa awe mwanamke. Mwanamke ningemkamata nywele. Niko na salon, najua pa kukamata. Boti nitaikamata wapi?"

Kicheko kikakatika.

"Gaël alipokuwa na homa nilikupigia, simu imezimwa. Juu ya nini? Eti samaki wanasikia. Kwaya inaimba kama meza ya miguu mitatu, basse hakuna. Nilikuwa najiambia, mume wangu ameibiwa na mwanamke, atachoka, atarudi. Kumbe hakuna aliyemuiba. Ameenda yeye mwenyewe."

Yaliniingia. Nisingesema yaliniingia kama hayakuniingia. Lakini hapo hapo filimbi ikalia na mwamuzi akasema, "Samaki apelekwe majini sasa, tafadhali!" Shafiek akanipa mfuko wa plastiki wenye maji, samaki ndani, anahema.

Nikapiga hatua. Marie-Jeanne akashika upande wa pili wa mfuko.

"Anaenda wapi?"

"Majini, mama. Dakika moja tu. Halafu tunaongea."

"Uliambiwa ulete samaki mu sufuria."

"Ilikuwa kwa ajili ya Aaminah! Aaminah umemuona!"

"Nimemuona. Sasa nataka samaki."

Nikavuta. Akavuta. Mke wangu anasuka nywele kutwa nzima, vidole vyake si vya mchezo. Mfuko ukapasuka, maji yakatumwagikia, samaki akaanguka kwenye nyasi akaanza kupigapiga mkia.

"Atakufa!" Shafiek akalia. "Maji! Maji!"

Maji ya karibu yalikuwa ya sufuria. Sikufikiri. Nikamdaka yule samaki, nikamtumbukiza mle ndani kwa mikono yangu mwenyewe. Na kweli, alizunguka mara moja, akapiga mkia, mzima. Watu wakashangilia. Mama Clementina akaisogelea sufuria yake na mwiko wake, kama mtu wa kulinda mali.

"Asante Mungu," nikasema.

"Asante Mungu," akasema Marie-Jeanne. "Ameingia mwenyewe."

"Mama Gaël, acha utani. Watu wanatungoja."

"Sina utani." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti imesimama. "Mbele ya hawa mama wote, mbele ya wazungu wako. Ao huyu samaki anaenda nyumbani na miye, ao anarudi mu maji na weye. Chagua."

Shafiek akanishika mkono wa kushoto. "Apollinaire. Please. Picha moja tu. Mama yangu."

"Chagua, Papa Gaël," Mama Clementina akasema, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria. Nyuma yangu nikasikia kitu kikigonga, ko! Sikujali. Naye akaongeza, "Usiache mbachao kwa msala upitao."

Filimbi ikalia mara ya pili.

Nitasema kweli, maana mimi na nyinyi hatufichani. Kichwa changu kilikuwa hakijaamua. Kichwa kilikuwa kinasema, mwanaume mwenye akili hubaki na mke, samaki wako wengi. Lakini nilikuwa nimeshageuka, mikono imeingia ndani ya sufuria mpaka kwenye viwiko, na uso wangu ulikuwa umeelekea bwawani.

Marie-Jeanne aliona.

Nikamshika samaki. Hakupinga. Nikamtikisa kidogo. Akageuka tumbo juu, jeupe, na jicho moja likanitazama bila neno.

"Samaki ana nini?" Shafiek akauliza.

"Huyu samaki amefanywa nini?" nikapiga kelele.

Mama Clementina akapangusa mwiko kwa pindo la kitenge. "Alikuwa anarukaruka, anamwagia watu maji. Nikamtuliza."

"Ukamtuliza na nini?"

Akautazama mwiko. Sote tukautazama mwiko.

Shafiek alivua kofia, akaenda akakaa karibu na trela, mgongo kwenye jina la mama yake. Spika ikaendelea kuita, "Apollinaire na Aaminah! Majini tafadhali! Apollinaire na Aaminah!"

Hapo nikapata akili. Naapa niliona ni akili. Nikamgeukia mke wangu, samaki mikononi, maji yanachuruzika mpaka kwenye viatu, nikatabasamu.

"Sawa, mama, yamekwisha! Amekufa. Sasa tunaweza kumla. Chukua, huyu hapa, ni wako!"

Akina mama wakaguna wote kwa pamoja, sauti ya kwanza mpaka ya tatu. Ya nne, ile yangu, haikuwepo.

"Sasa ndiyo unanipa?" Marie-Jeanne akasema. "Kwa sababu amekufa?"

"Si ndiye uliyemtaka?"

Marie-Jeanne hakuwa amekasirika tena, na hilo ndilo lililonitisha. Akafuta uso kwa kiganja, akasema neno moja tu.

"Basi."

Neno hilo nimeliimba miaka yote, nimelipanda asubuhi kwenda kazini, nimelivua majini. Nikasimama nalo pale, nisijue ananiambia lipi.

"Basi nini? Marie-Jeanne! Basi nini?"

Alikuwa anatembea kwenda kwenye taxi. Dereva akawasha. Akina mama wakamfuata na unga wao, na makaa yao, hakuna aliyegeuka. Nikakimbia na samaki mkononi, nikafika mlango unapofungwa, na kwenye kioo nikaona lile sanduku jekundu.

Gaël amelikalia, anakula biskuti. Akaniona na samaki, akacheka, akanipungia mkono.